Kiti cha 25: safari ya Hu Chunhua katika mikoa ya China

Adhuhuri ya Jumapili tarehe 23 Oktoba 2022, wanaume saba walitembea kwa mpangilio hadi jukwaani jijini Beijing, Xi Jinping akiwa mbele. Hapo hapo ikatoka orodha kamili ya Ofisi ya Siasa, chombo kidogo cha Chama cha Kikomunisti kinachoshika hatamu za nchi yenye watu bilioni 1.4. Waliozoea kuisoma orodha hiyo walihesabu majina, wakarudia tena. Yalikuwa 24. Vipindi vitatu mfululizo yalikuwa 25.

Jina lililokosekana ni la Hu Chunhua. Alikuwa naibu waziri mkuu, ana miaka 59, amekaa ndani ya Ofisi ya Siasa miaka kumi, na katika safari yake alikuwa ameshika mikoa mitatu. Hakuwa na kesi wala kashfa, na umri wa kupumzika ulikuwa bado mbali. Siku moja kabla, jina lake lilikuwa limetokea vizuri kabisa kwenye orodha ya wajumbe 205 wa Kamati Kuu, chombo cha chama kilicho chini ya Ofisi ya Siasa. Kwa maneno mengine, chama hakikumfukuza wala hakikumstaafisha. Kilimwacha tu nje ya mlango, na hakuna aliyetoka kueleza kwa nini.

Nimemchagua huyu kwa sababu ukiifuata njia yake, kijiji hadi Beijing, unaelewa kitu ambacho habari za kila siku kuhusu China hazikielezi: kiongozi wa mkoa ni nani kule, anapatikanaje, anapimwa kwa nini, na kipimo hicho kinafika wapi kabla hakijagonga ukuta.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa vyeo, maana hapa wengi hujikwaa. China bara ina maeneo 31 yenye hadhi ya mkoa: mikoa 22 ya kawaida, mikoa 5 inayojiendesha ya jamii zilizo chache kama Tibet na Mongolia ya Ndani, na majiji 4 makubwa yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja. Kila eneo lina wakubwa wawili. Kuna gavana, ambaye huitwa mwenyekiti kwa mikoa inayojiendesha na meya kwa yale majiji manne, na kuna katibu wa chama wa mkoa. Msomaji wa Kenya akisikia neno gavana anamwona mtu aliyepigiwa kura, mwenye bajeti yake na bunge lake la kaunti, anayeweza kumjibu rais kwa ukali. Aisahau picha hiyo. Gavana wa China ni mtendaji, na juu yake yupo katibu wa chama, ambaye ndiye mwenye mkoa. Katika kikao cha kamati ya chama ya mkoa gavana huwa ni naibu. Watanzania wa rika la wazazi wetu watashika haraka zaidi, kwa kuwa enzi za TANU mkuu wa mkoa ndiye aliyekuwa pia katibu wa chama wa mkoa. China kofia hizo mbili huvaliwa na watu wawili, lakini hakuna anayeuliza ipi ni kubwa.

Wote wawili hupangwa na Beijing. Kazi hiyo hufanywa na Idara ya Oganaizesheni ya Kamati Kuu, jina ambalo kada yeyote wa CCM atalitambua mara moja. Kila ofisi ya umma ina daraja, kuanzia mji mdogo, wilaya, jiji, mkoa, hadi taifa, na kila daraja lina mkuu na naibu. Tangu mwaka 1984 utaratibu ni kwamba kila ngazi inapanga makada wa ngazi moja chini yake. Mkoa unapanga wa majiji, jiji linapanga wa wilaya, na Beijing inawashika wale wa mikoa. Kada hapandi kwa kuruka. Anakaa darajani miaka kadhaa, anahamishwa, anajaribiwa mahali pengine, na faili lake linamfuata. Na kwa kawaida hapewi mkoa wa kwao. Hu Chunhua ni mtu wa Hubei, na Hubei hakuwahi kuiongoza hata siku moja.

Kijana wa milimani aliyeomba kwenda Tibet

Alizaliwa Aprili 1963 katika wilaya ya Wufeng, milimani, kusini-magharibi mwa Hubei, sehemu ya jamii ya Watujia, katika familia ya wakulima. Mwaka 1979, akiwa na miaka 16, akaingia Chuo Kikuu cha Beijing kusoma lugha na fasihi ya Kichina. Tarehe hiyo si ya kupita nayo haraka. Mitihani ya kuingia vyuo vikuu ilikuwa imerudishwa mwishoni mwa 1977, baada ya miaka kumi ya vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni. Mtoto wa mkulima kuingia chuo kile mwaka ule alikuwa amepita kwenye tundu la sindano. Mhitimu wake angeweza kubaki mjini, wizarani, akapata nyumba na mwenzi, maisha yakaendelea.

Yeye mwaka 1983 aliomba kupelekwa Tibet. Magazeti ya serikali yalilishabikia jambo hilo, kwa kuwa chama kilikuwa kinatafuta hasa vijana wa namna hiyo, wasomi wanaokubali kupanda kwenye hewa nyembamba ya mita 3,650 juu ya bahari, mahali ambapo Wahan, jamii iliyo kubwa kuliko zote China, wengi wao waliotumwa walihesabu siku za kurudi. Alianza kazi katika Umoja wa Vijana wa Kikomunisti huko Lhasa. Akajifunza Kitibeti. Ukiondoa miaka michache ya kati, alikaa Tibet hadi 2006, akapanda kutoka ofisa wa vijana hadi naibu katibu wa chama wa mkoa.

Huko ndiko alikokutana na jina lililoyabeba na kuyaharibu maisha yake ya kisiasa. Kuanzia 1988 hadi 1992 katibu wa chama wa Tibet alikuwa Hu Jintao, aliyekuja kuwa kiongozi wa China nzima kutoka 2002 hadi 2012. Hawana undugu, ni ukoo wa jina tu, kama akina Juma wawili wasiojuana. Lakini wote wawili walitoka Umoja wa Vijana, na wote walipita Tibet. Watu wakaanza kumwita kijana yule "Hu mdogo". Mwishoni mwa 2006 akapewa kiti cha katibu wa kwanza wa Umoja wa Vijana taifa, kiti kilekile ambacho Hu Jintao alikikalia miaka ya themanini. Kwa siasa za Beijing wakati ule, huo ulikuwa kama muhuri kwenye pasipoti.

Lakini Umoja wa Vijana hauna mashamba, viwanda wala migodi. Kada anayetaka kwenda juu lazima aoneshe kwamba ameshika mkoa wenye watu wanaolalamika. Kwa hiyo mwaka 2008 akatumwa Hebei, mkoa unaoizunguka Beijing, akawa kaimu gavana na kisha gavana akiwa na miaka 45. Hakupata hata muda wa kuzoea kiti. Septemba mwaka uleule ikalipuka kashfa ya maziwa ya unga yaliyochanganywa na kemikali ya melamini, na kampuni iliyokuwa kitovu cha kashfa, Sanlu, makao yake yalikuwa Shijiazhuang, makao makuu ya Hebei. Watoto wachanga takriban 300,000 waliathirika nchi nzima na sita wakafariki. Viongozi wa jiji walipoteza vyeo. Gavana mpya alipita salama, kwa sababu mambo yale yalikuwa yamepikwa kabla hajafika.

Lori la makaa ya mawe

Novemba 2009 akapanda daraja: katibu wa chama wa Mongolia ya Ndani. Sasa mkoa ulikuwa wake.

Mongolia ya Ndani ni nyika. Chini ya nyika hiyo kuna makaa ya mawe, na katika miaka ile China ilikuwa inayachimba kwa pupa. Malori yalikata malisho kwa malisho ili kufupisha njia, vumbi likifunika majani, mifugo ikigongwa. Usiku wa Mei 10, 2011 mfugaji mmoja wa Kimongolia alijaribu na wenzake kuzuia msafara wa malori usipite kwenye malisho yao huko Xilingol. Lori likamburuza. Akafa.

Ndani ya wiki mbili wanafunzi na wafugaji walikuwa mitaani, jambo ambalo eneo lile halikuwa limeliona kwa miaka mingi. Kwa katibu wa chama, hiki ndicho kipimo halisi. Mfumo wa kuwapima makada una orodha ndefu ya mambo, uchumi, shule, mazingira, lakini yapo machache yenye nguvu ya kufuta mengine yote, na ghasia za umma ni mojawapo. Mkoa unaweza kukua kwa asilimia 15 kwa mwaka, halafu wiki moja ya maandamano ikaliharibu faili zima.

Hu Chunhua alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Akafika mwenyewe eneo la tukio, akaketi na walimu na wanafunzi, akawaahidi kwamba waliohusika wataadhibiwa haraka na kwamba migodi itachunguzwa. Huku nyuma milango ya shule na vyuo ikafungwa, polisi wakajaa viwanjani, na mawasiliano ya intaneti yakabanwa. Mapema Juni, kabla mwezi haujatimia tangu kifo kile, dereva wa lori alikuwa ameshahukumiwa kifo. Maandamano yakafifia.

Namna ya kuyasoma matukio haya inategemea umekaa wapi. Mfugaji aliona kwamba dereva amehukumiwa kifo lakini lori halijasimama, maana makaa yaliendelea kuchimbwa. Beijing iliona kijana anayejua kuzima moto kwa mkono wa kushoto na kubembeleza kwa mkono wa kulia. Sina shaka ni nani kati yao aliyehesabika kwenye faili.

Mkoa unaoujua bila kujua

Novemba 2012, akiwa na miaka 49, aliingia Ofisi ya Siasa. Mwezi uliofuata akakabidhiwa Guangdong.

Hapa hadithi inatugusa. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anaposema "nimerudi China", mara nyingi sana anamaanisha Guangzhou, makao makuu ya Guangdong: mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, maduka ya jumla ya nguo, wakala wa mizigo, mgahawa wa halali, chumba cha hoteli chenye maboksi hadi dirishani. Simu, spika, viatu na taa zinazojaa maduka yetu nyingi hutoka viwanda vya mkoa huu, hasa Shenzhen, Dongguan na Foshan. Kwa ukubwa, sensa ya 2020 iliikuta Guangdong na watu milioni 126. Ukichukua sensa za karibuni za Tanzania na Kenya ukaziunganisha, watu milioni 61.7 na milioni 47.6, bado hujaifikia. Pato lake limekuwa la kwanza kati ya mikoa yote ya China tangu 1989.

Mtu anayepewa Guangdong kwa hiyo hapewi mkoa tu. Katibu wake kwa desturi ana kiti ndani ya Ofisi ya Siasa, sawa na wale wa Beijing, Shanghai, Tianjin, Chongqing na Xinjiang. Na kiti hicho kimekuwa ngazi ya kwenda Kamati ya Kudumu, wale saba wa jukwaani. Tazama mfululizo wenyewe. Li Changchun aliongoza Guangdong kuanzia 1998, akaingia Kamati ya Kudumu 2002. Akafuata Zhang Dejiang, aliyeingia 2012. Akaja Wang Yang, aliyeingia 2017. Baada ya Hu Chunhua alikuja Li Xi, naye akaingia 2022. Makatibu watano kwa robo karne, na wanne wamefika. Hu ndiye pekee aliyebaki katikati, kama jino lililong'oka.

Basi aliharibu nini Guangdong? Nimelitafuta jibu hilo na sioni kitu.

Aliingia kimyakimya. Mtangulizi wake Wang Yang alipenda kauli na mijadala, huyu alikuwa mtu wa vikao na ziara za vijijini, asiyetoa mahojiano. Kazi yake ya kwanza ya kelele ilikuwa Boshe, kijiji kilicho karibu na pwani katika eneo la Lufeng, ambako kaya moja kati ya tano ilituhumiwa kupika au kuuza dawa ya kulevya aina ya methi. Taka za upishi zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilipigwa picha ya bango la kijijini likiwakataza watu kuzitupa ovyo. Lilikataza utupaji tu, upishi wenyewe halikuugusa. Katibu wa chama wa kijiji ndiye aliyekuwa mlinzi wa biashara hiyo. Alfajiri ya Desemba 29, 2013 polisi zaidi ya 3,000 walikizingira kwa helikopta, boti za kasi na mbwa. Walikamata watu 182, wakavunja majiko 77, wakaondoka na takriban tani tatu za methi. Katibu wa kijiji alitekelezewa hukumu ya kifo mwaka 2019.

Wiki sita baadaye, Februari 2014, ikawa zamu ya Dongguan, jiji la viwanda lililokuwa pia na sifa ya ukahaba wa wazi katika hoteli na sauna zake. Televisheni ya taifa ilirusha ripoti yenye kamera za siri, na usiku uleule maelfu ya polisi wakaingia. Aprili, katika jiji hilohilo, makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya viatu waligoma kwa sababu mwajiri alikuwa hachangii mafao yao kama sheria inavyotaka. Ulikuwa mmoja wa migomo mikubwa kuwahi kuonekana China, ukachukua karibu wiki mbili. Baadaye mwaka huo barabara za Hong Kong, ng'ambo tu ya mpaka, zikakaliwa na vijana wenye miavuli waliodai demokrasia, kwa siku 79. Guangdong haikuambukizwa.

Sura inayomchafua, kwa maoni yangu, ni Wukan. Mwaka 2011, chini ya Wang Yang, wanakijiji wa Wukan waliwafukuza viongozi wao waliouza ardhi ya kijiji, mkoa ukatuma mjumbe kuzungumza nao, wakaruhusiwa kuchagua uongozi wao kwa kura ya siri. Dunia ikashangilia. Ardhi haikurudi yote. Mwaka 2016, chini ya Hu, kiongozi waliyemchagua, mzee mwenye zaidi ya miaka 70, alikamatwa na kufungwa miezi 37 kwa makosa ya rushwa ambayo wanakijiji hawakuyaamini, na Septemba polisi waliingia kijijini alfajiri kwa gesi na risasi za mpira. Kichekesho kichungu ni kwamba Zhu Mingguo, yule kada aliyetumwa kuzungumza na kijiji mwaka 2011 na kusifiwa kwa busara, mwaka huohuo wa 2016 alihukumiwa kifo kilichoahirishwa, kwa rushwa.

Kwa msomaji wa nje Wukan ni doa. Kwa aliyeshika faili Beijing ni alama ya vema. Uchumi wa mkoa ulifika karibu yuan trilioni 9 mwaka 2017 na bado ulikuwa wa kwanza. Kwa kila kipimo ambacho mfumo wenyewe umejiwekea, kijana wa Wufeng alikuwa amefaulu.

Warithi wawili

Ili kuelewa kilichomkuta, inabidi tuwarudie wawili walioingia Ofisi ya Siasa pamoja mwaka 2012. Walikuwa wachanga kuliko wote mle: Hu Chunhua na Sun Zhengcai, wote wamezaliwa 1963. Sun alipewa Chongqing. Kwa hesabu ya wakati ule, viongozi wa China walihesabiwa kwa vizazi: Mao wa kwanza, Deng wa pili, Jiang Zemin wa tatu, Hu Jintao wa nne, Xi Jinping wa tano. Waliozaliwa miaka ya sitini walikuwa kizazi cha sita. Desturi ilikuwa mrithi aingizwe Kamati ya Kudumu miaka mitano kabla, azoee. Xi mwenyewe aliingia hivyo mwaka 2007. Kwa hiyo mwaka 2017 wawili hawa walitarajiwa kupanda, na 2022 mmoja wao akabidhiwe nchi.

Julai 2017, miezi mitatu kabla ya mkutano mkuu wa chama, Sun aliondolewa Chongqing ghafla, akachunguzwa, na Mei 2018 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa rushwa ya yuan milioni 170. Hu akabaki peke yake. Oktoba ikafika, saba wakatoka jukwaani, na hakuwamo. Hakuwamo yeyote wa kizazi cha sita. Machi 2018 Bunge la Umma likaondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais kwa kura 2,958 dhidi ya 2, na tatu zisizo upande wowote. Ndipo ikaeleweka kwamba nafasi ya mrithi yenyewe ilikuwa imefutwa. Si kwamba Hu alishindwa usaili. Kazi haikuwepo tena.

Kulikuwa na tatizo la pili, la ukoo wa kisiasa. Ule Umoja wa Vijana uliomlea ulikuwa umeingia matatani. Mwaka 2016 wakaguzi wa chama waliukosoa hadharani kwa urasimu, umwinyi na kupenda burudani, bajeti yake ikakatwa, na mwaka uliofuata katibu wake wa kwanza akapelekwa kuwa naibu katika idara ya viwango vya ubora. Muhuri uliokuwa ukifungua milango sasa ulizua maswali. Na "Hu mdogo" hakuwa na jina lingine.

Hata hivyo Machi 2018 alipewa unaibu waziri mkuu, akikabidhiwa kilimo na kampeni ya kuondoa umaskini wa vijijini. Ni kazi ngumu, yenye matope, inayomfaa mtu wa Wufeng. Februari 2021 Xi alitangaza ushindi: watu milioni 98.99 wa vijijini wametolewa kwenye umaskini uliokithiri katika miaka minane, na wilaya 832 zimefutwa kwenye orodha. Unaweza kubishana na mstari waliouchora wa nani ni maskini, na wengi wanabishana. Lakini kazi iliyoagizwa ilitekelezwa kwa tarehe iliyoagizwa, na msimamizi alikuwa Hu.

Kufikia 2022 wachambuzi wengi walimpa nafasi ya kuwa waziri mkuu ajaye, kwa sababu iliyo wazi: karibu kila waziri mkuu wa China baada ya Zhou Enlai alikuwa amewahi kuwa naibu waziri mkuu, na kati ya manaibu wanne wa wakati ule yeye ndiye mwenye umri unaofaa. Desturi ya umri ilisema mwenye miaka 67 anapanda, mwenye 68 anashuka. Yeye alikuwa na 59.

Aliyepewa ni Li Qiang, katibu wa chama wa Shanghai. Hakuwahi kuwa naibu waziri mkuu, wala kufanya kazi serikali kuu. Miezi michache tu kabla, majira ya kuchipua ya 2022, jiji lake la watu milioni 25 lilikuwa limefungiwa ndani kwa miezi miwili kwa sababu ya korona, watu wakipiga kelele madirishani kwa njaa. Kwa vipimo vile nilivyovitaja huko juu, faili lake lilikuwa na doa jekundu. Lakini Li Qiang alikuwa katibu mkuu wa kamati ya chama ya mkoa wa Zhejiang, yaani mtu wa karibu ofisini, wakati katibu wa mkoa huo alikuwa Xi Jinping.

Weka mafaili hayo mawili sambamba na utakuwa umepata jibu la ubishi wa muda mrefu kati ya wanaoichunguza China. Upande mmoja unasema makada hupanda kwa matokeo, kama mashindano ya mikoa. Upande wa pili unasema hupanda kwa kujuana. Nijuavyo mimi wote wako sahihi, ila kwa ngazi tofauti. Kutoka wilaya hadi mkoa, ambako wagombea ni maelfu na mkubwa hawezi kuwajua wote, takwimu zinafanya kazi ya kuchuja. Ukifika juu kabisa, wamebaki watu arobaini hivi na wote wana takwimu nzuri. Hapo swali linakuwa ulikuwa wapi, na nani, mwaka 2005. Hu Chunhua mwaka huo alikuwa Lhasa.

Chama kile kinapenda kufundisha wengine namna kinavyolea viongozi. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo, ilijengwa kwa msaada wa chama hicho. Anayekwenda kusoma pale angefanya vizuri kumweka Hu Chunhua kwenye mtaala kama somo la vitendo.

Machi 2023 alipewa cheo cha naibu mwenyekiti wa Baraza la Mashauriano ya Kisiasa, jukwaa kubwa la heshima lenye wasanii, matajiri, viongozi wa dini na wanasayansi, lisilopitisha sheria wala kugawa fedha. Daraja lake bado ni la kiongozi wa taifa, na gari na walinzi wapo. Anasafiri, anafungua makongamano, anapokea wageni, na magazeti yanaliandika jina lake katika nafasi yake sahihi kwenye mstari. Kila msimu wa joto, wakubwa wanapokwenda ufukweni Beidaihe, uvumi wa kurudi kwake unapita mitandaoni, kisha unapoa. Mkutano mkuu ujao wa chama utafanyika 2027. Siku hiyo atakuwa na miaka 64.